KUPIMA HABARI ZA WAKUBWA SI KUWATUKANA
Neno juu ya maisha ya Padri Stefano Kaoze

Kila inapokaribia sikukuu ya kumbukumbu, mji wetu wa Kalemie unajaa kaliko. Majina ya wakubwa wa zamani yanaandikwa kwa herufi nene, na chini ya jina inawekwa tarehe. Watu wanashona vikwembe, wanapiga picha, kwaya zinaimba. Lakini ni nani anayeuliza ile tarehe ilitoka wapi? Na akitokea mmoja wa kuuliza, jibu linamwangukia haraka: « Weye ulikuwa wapi wakati ule? Acha vile wazee walisema. » Basi, mambo yanaishia pale.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tunasema: hapana. Hatukubali kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Tunasema kinyume kabisa: mtu anayekariri habari za mkubwa bila kuzipima njo anayemdharau, maana anamwona kama picha ya kutundika ukutani, si kama mtu aliyeishi, aliyetembea kwa miguu, aliyechoka na kufikiri.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano mmoja wa kwetu: Padri Stefano Kaoze. Tumemchagua kwa sababu karibu kila mtu wa ziwa hili amesikia jina lake, awe Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu. Na kwa sababu habari zake zinatembea midomoni mwa watu zikiwa zimechanganyika, hakika na zisizo hakika katika kikapu kimoja.

1. Yale tuliyo na hakika nayo

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Kaoze alikuwa mtoto wa Marungu, katika nchi ya Watabwa, kusini mwa mji wetu. Alipita katika mafundisho ya Mapadri Weupe Mpala, Lusaka na Baudouinville. Alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 pale Baudouinville, wakati wa Askofu Victor Roelens. Miaka kabla ya hapo, mnamo 1910 na 1911, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalichapishwa kwa Kifaransa katika gazeti la Ubelgiji lililoitwa La Revue congolaise, kwa msaada wa Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti. Katika miaka ya 1930 alikabidhiwa misioni ya Lusaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingizwa katika Baraza la Serikali la koloni, yeye Mwafrika, mahali ambapo Wazungu walikuwa wamezoea kukaa peke yao. Alifariki Machi 1951, hapa hapa mjini kwetu, wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Albertville.

Hayo peke yake yanatosha kumfanya mtu mkubwa. Hakuna haja ya kumwongezea chumvi. Lakini sisi tunapenda kuongeza, na chumvi ikizidi mboga inaharibika.

2. Mwaka wa kuzaliwa

Alizaliwa mwaka gani? Fungua maandishi matatu utapata majibu matatu. Wengine wanaandika karibu 1885, wengine 1886, wengine karibu 1890. Katika shule moja, ambayo hatuitaji, mwanafunzi alipewa sifuri katika interogasio kwa kuwa aliandika 1890 na kaye ya mwalimu ilisema 1885. Mwanafunzi alilia. Tunauliza: mwalimu alikuwa na haki gani? Kaye yake yeye ilinakiliwa kutoka kaye ingine, na ile ingine kutoka ingine tena. Kunakili mara 10 hakugeuzi neno kuwa kweli.

Jambo lenyewe halishangazi. Wakati ule Marungu haikuwa na ofisi ya kuandikisha watoto. Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno, au wakati wa vita fulani, au mwaka mfalme fulani alipofariki. Padri alipofika na rejista yake, alimtazama mtoto kimo na meno, akaandika mwaka aliodhani. Ule mwaka ukaingia rejista, na kwa kuwa umeandikwa kwa wino, wajukuu wakauona kama umeshuka kutoka mbinguni. Kumbe wino wa kukisia na wino wa hakika una rangi moja.

Kuna atakayesema: tutumie sheria ya Kanisa, itatuonyesha. Tumejaribu. Sheria ya wakati ule ilidai mtu awe ameingia mwaka wake wa 25 kabla ya kupewa upadri. Mwaka 1917, aliyezaliwa 1885 alikuwa na miaka 32, wa 1886 alikuwa na 31, wa 1890 alikuwa na 27. Wote watatu wanapita mlangoni. Sheria haiamui kitu hapa.

« Sasa miaka mitano njo nini? » Tumesikia swali hilo mara nyingi, hata kutoka kwa walimu wenzetu. Tuwajibu vizuri, maana hapa njo penye uzito.

Storms, yule askari Mbelgiji, alijenga kituo chake Mpala mwaka 1883. Mfalme Lusinga wa Watabwa aliuawa na watu wa Storms Desemba 1884, akakatwa kichwa, na fuvu lake likabebwa mpaka Ubelgiji. Mapadri Weupe walichukua Mpala mwaka 1885. Kapiteni Jacques alifika ufukwe wetu mwishoni mwa 1891 kupigana na watu wa Rumaliza wa Ujiji, waliokuwa wanakamata watumwa pande hizi, na vita vikaendelea mwaka 1892.

Weka sasa mtoto Kaoze katikati ya mambo hayo. Kama alizaliwa 1885, basi vita vya Jacques vilimkuta na miaka sita au saba. Mtoto wa miaka sita anakumbuka moshi wa kijiji kinachoungua. Anakumbuka jina la mjomba aliyepelekwa na asirudi. Kama alizaliwa 1890, alikuwa mgongoni mwa mama yake, na yote aliyoyajua juu ya wakati ule aliyapata kwa kusimuliwa. Kaoze aliandika juu ya desturi na mambo ya kale ya watu wake. Tunaposoma maneno yake, je, tunasoma shahidi aliyeona, au tunasoma mtu aliyekusanya maneno ya wazee? Yote mawili yana thamani, lakini si thamani ya aina moja. Hakimu kule tribinali hapokei maneno ya aliyeona na ya aliyesikia kwa kipimo kimoja. Kwa nini sisi tuyapokee hivyo?

Miaka mitano, ndugu msomaji, njo hiyo.

3. « Padri wa kwanza »

Neno la pili ni hili la « wa kwanza ». Kwenye kaliko moja tulisoma: padri wa kwanza Mkongomani. Kwenye ingine: padri wa kwanza wa Afrika ya kati. Na katika hotuba moja ilisemwa bila aibu: padri wa kwanza Mwafrika. Jina linapanda daraja kila mwaka kama mtumishi wa serikali!

Tupime. Mwafrika wa kwanza? Hapana kabisa. Augustino, mtakatifu ambaye jina lake wamepewa watoto wengi wa hapa, alikuwa askofu Hippo, Afrika ya kaskazini, zaidi ya miaka 1500 kabla ya Kaoze.

Wa kwanza wa nchi zetu hizi za maziwa? Pia hapana. Basil Lumu na Victor Mukasa wa Uganda walipewa upadri Juni 1913, miaka minne kabla yake, katika misioni za shirika lile lile la Mapadri Weupe. Wale wa kwanza wa Rwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walifuata Oktoba 1917, miezi mitatu nyuma ya Kaoze.

Mkongomani wa kwanza? Hapa inatakiwa akili zaidi. Katika ufalme wa Kongo, mtoto wa mfalme Afonso wa kwanza aliyeitwa Henrique alipelekwa Ureno kusoma, akawa padri, na mwaka 1518 Papa Leo wa 10 alimtaja kuwa askofu. Miaka karibu 400 kabla ya Kaoze! Kuna atakayebisha kwamba mji mkuu wa ufalme ule, Mbanza Kongo, leo uko Angola. Ni kweli. Lakini ufalme wenyewe ulienea mpaka sehemu ya nchi yetu, upande wa Kongo ya Kati, na ndugu zetu wa kule wanamhesabu Henrique kuwa wao. Tukiwaambia kwamba historia ya mapadri wa Kongo inaanzia Marungu mwaka 1917, wanatucheka, na wana haki ya kutucheka.

Basi tuseme namna gani? Tuseme hivi: Kaoze alikuwa padri wa kwanza mwenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Maneno yameongezeka kidogo, lakini yanasimama. Nani atayaangusha? Hayo mengine, mtoto wa sekondari mwenye telefoni anayaangusha kwa dakika moja, na akishaangusha hilo moja, hatatuamini tena hata kwa yale ya kweli. Hii njo hasara ya chumvi nyingi.

Vivyo hivyo juu ya maandishi yake. Wengine wanasema aliandika kitabu cha kwanza cha Mkongomani. Yale ya 1910 na 1911 yalitoka katika gazeti, si kitabu. Ni sahihi kusema ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa, na wataalamu wengi wanayaweka ya kwanza. Hiyo ni sifa kubwa, tena kwa kijana ambaye hakuwa bado padri. Na tunapoisoma kazi ile tukumbuke kwamba ilipita mikononi mwa wamisionari kabla ya kufika kwa mchapaji. Swali la kuuliza kila ukurasa ni: hapa anasema Kaoze, au anasema Kaoze mbele ya mwalimu wake?

4. Majina ya mahali

Neno la tatu ni dogo lakini linachekesha na kuhuzunisha. Vijana wanasoma kwamba Kaoze alisoma na kutumika Lusaka, na wanaamini alikwenda Zambia! Lusaka ya Kaoze ni misioni ya kwetu, pande za Moba. Baudouinville nayo wanaitafuta kwenye ramani bila kuipata, maana leo tunasema Kirungu na Moba. Albertville ni Kalemie. Mtoto asipoelezwa hayo, babu yake anahamishwa nchi bila kujua. Anadhani mambo makubwa yalitendeka mbali, kumbe yalitendeka katika barabara ambayo mama yake anapita kwenda kuuza samaki.

5. Somo kutoka kwa Marafiki

Wengine wataogopa: tukianza kupima, imani haitaanguka? Watu hawatapoteza heshima kwa wakubwa? Tuangalie walivyofanya wengine. Kuna Wakristo wanaoitwa Marafiki, au Wakweka, ambao hata hapa ziwani wana makanisa, kwa mfano kule Abeka katika Fizi. Hawa hawapendi silaha wala vita. Mkubwa wao wa kwanza, George Fox, alizaliwa Uingereza mwaka 1624.

Marafiki walikuwa na hadithi moja tamu sana. Kijana wa ukoo mkubwa, William Penn, yule aliyeanzisha baadaye Pennsylvania kule Marekani, alijiunga nao akiwa bado anavaa upanga kiunoni kama desturi ya mabwana wa wakati ule. Akamwuliza Fox afanye nini. Fox hakumkataza, alimjibu kwamba auvae kwa kadiri atakavyoweza. Penn alipokutana naye tena hakuwa na upanga. Hadithi hii ilifundishwa kwa watoto, ikachorwa, ikahubiriwa.

Halafu watafuta-habari wakaanza kupima, wakiwemo Marafiki wenyewe. Walitazama kitabu cha maisha ya Fox kilichochapishwa 1694. Haimo. Walitazama maandishi ya Penn. Haimo. Iliyopatikana ni katika kitabu cha Samuel Janney cha mwaka 1852, wakati Penn alikuwa amefariki tangu 1718. Miaka 134 katikati! Je, Marafiki walifunga makanisa yao? Hapana. Hadithi bado inasimuliwa, lakini anayejua anatanguliza neno « inasemekana ». Upanga haukuwa ushahidi. Mafundisho yao yalisimama bila huo upanga.

Tena kuna jambo la kufundisha zaidi. Marafiki wa zamani walihesabu miezi kwa namba kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Kwao Fox alifariki tarehe 13 ya mwezi wa 11, mwaka 1690. Ukisoma haraka utaandika Novemba 1690. Utakosa mara mbili! Uingereza ya wakati ule mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na Machi ulikuwa mwezi wa kwanza. Mwezi wao wa 11 ni Januari yetu, na mwaka, kwa hesabu yetu, ni 1691. Karatasi haikudanganya. Msomaji asiyeuliza njo anayejidanganya.

6. Wanaotupinga

Wanaotupinga ni wa aina mbili, na tunawajibu wote.

Wa kwanza wanasema: wazee wetu walisema, na neno la mzee halipimwi. Tunawajibu: mababu zetu wenyewe walipima. Kwenye baraza la ukoo, mtu akidai shamba au kiti cha ufalme, hawakumwamini kwa sauti yake kubwa. Walimwambia ataje nasaba yake, halafu wakamwita mzee wa upande mwingine ataje naye, na majina yakigongana walikaa mpaka usiku. Kupima hatukukuletewa na Mzungu. Ni desturi yetu, na sisi wasomi njo tuliiacha.

Wa pili wanasema: Wazungu waliandika, na kilichoandikwa kimeandikwa. Hawa wanatuuma zaidi, kwa sababu wengi wao wana diploma. Tunawajibu: wamisionari waliandika kwa ajili ya wakubwa wao na kwa wale waliotoa pesa kule Ulaya. Askari waliandika ili wapewe medali. Kifo cha Lusinga kilihesabiwa kuwa ushindi katika maandishi ya Storms. Sisi tulilazimika kungoja mwaka 2018 ili magazeti ya Ubelgiji yenyewe yaeleze wazi kwamba fuvu la mfalme wetu liko katika ghala la taasisi mjini Bruxelles, na mwaka 2022 sanamu ya Storms ikaondolewa kule Ixelles. Kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa, ndiyo. Lakini nani alikisoma kwa niaba ya Lusinga?

Kwa hiyo mdomo upimwe, na karatasi ipimwe. Mzee aulizwe: uliona, au uliambiwa? Na nani? Karatasi iulizwe: nani alikuandika, mwaka gani, na alikuwa anatafuta nini?

7. Kwa nini sasa

Tunaandika kwa ukali kwa sababu wakati umebaki mdogo. Wale waliomwona Kaoze kwa macho yao, hata waliokuwa watoto mwaka 1951, leo wana miaka zaidi ya 75. Kila mwaka tunawazika. Karatasi nazo zinaliwa na mchwa, na tangu mwaka 2021 tumeona maji ya ziwa yakipanda mpaka ndani ya nyumba za watu kandokando ya mji. Masanduku mangapi ya barua, picha na kaye za kale yalilowa? Watu waliokoa magodoro na masufuria, na hatuwalaumu. Lakini kilicholowa hakisomeki tena.

Tunaomba basi mambo matatu, na tunayaomba kwa sauti.

Kwanza, walimu wa historia wagawe ukurasa wa kaye sehemu tatu: tuna hakika; inasemekana; maandishi yanapingana. Mwanafunzi akiandika 1890 na akaeleza kwa nini, apewe pwenti zake. Akiandika 1885 bila kujua sababu, aulizwe.

Pili, kamati za sikukuu, kabla ya kupeleka kaliko kwa mchoraji na kikwembe kwa mchapaji, zitafute angalau mashahidi wawili wasiotoka chungu kimoja. Wakipingana, iandikwe « karibu ». Neno hili « karibu » halimpunguzii mtu heshima. Linaonyesha kwamba walioandika ni watu wazima.

Tatu, kila familia yenye mzee aliyekula na kunywa na watu wa zamani ikae naye jioni moja, na biki na kaye mkononi. Msimuulize mwaka, mwaka utamchanganya. Mwulizeni: ilikuwa kabla au baada ya reli kufika ziwani? Reli ya Kabalo ilifika 1915. Baba yako alikuwa mkubwa kiasi gani Wajerumani walipopiga bandari ya Lukuga kwa mizinga? Ilikuwa Agosti 1914. Mama yako alikwisha olewa siku ile ya upadri wa Kaoze? Kwa njia hii mzee anatoa alichonacho, na hesabu tutaifanya sisi.

Kaoze alikuwa mtu wa kuandika. Aliwasikiliza watu wake, akaweka maneno yao kwenye karatasi wakati ambapo wengine waliamini Mwafrika hana la kuandika. Wanaosema wanamheshimu, basi, wafanye kazi aliyoifanya yeye. Kaye zinauzwa sokoni, na wazee bado wapo wachache. Waende kesho.